Si Zimwi, Si Gogo: Majibu kwa Yasemwayo Kuhusu Aligeta

Kila video ya aligeta inayopita kwenye makundi ya WhatsApp huja na mtaalamu wake. Mnyama anavuka uwanja wa gofu huko Florida, taratibu, tumbo ameliinua kidogo kutoka ardhini, na sauti ya Kiswahili inatuarifu kwamba huyu ana miaka mia mbili, kwamba ukikutana naye ukimbie kwa kupindapinda, kwamba ni dinosaria aliyesahau kufa. Video inatumwa tena na tena, na kila inapopita maelezo yanaongezwa chumvi.

Nimeyakusanya madai yanayorudi mara nyingi zaidi. Ukiyapanga utaona yako kambi mbili. Kuna yanayomfanya aligeta kuwa zimwi lenye njaa isiyokatika, na kuna yanayomfanya gogo, yaani kitu kikongwe kisicho na akili kilichobaki duniani kwa bahati tu. Mimi siko kambi yoyote kati ya hizo. Madai mengine nitayajibu kwa kirefu, mengine hayastahili zaidi ya aya moja.

"Aligeta ni mamba tu, tofauti ni jina"

Kwa mtu aliye ndani ya mtumbwi unaovuja tofauti hii haimsaidii kitu, nakubali. Lakini koo hizi mbili zilitengana zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita, dinosaria wakiwa bado wanatembea. Sisi na sokwe tumetengana miaka milioni sita au saba hivi, na hakuna anayesema binadamu ni sokwe tu.

Anza na kinywa. Mamba tunayemjua sisi, yule wa Rufiji, Mara na Ziwa Tanganyika, ana mdomo unaochongoka kuelekea mbele, na hata akifumba kinywa jino la nne la taya la chini hubaki nje, likionekana pembeni. Aligeta ana mdomo mpana, wa mviringo, na jino hilo hilo huingia ndani ya kishimo katika taya la juu. Akifumba, unayaona meno ya juu peke yake. Kisha mtazame ngozi kwa karibu: kwenye taya zake kuna vidoti vyeusi vingi, kama vile mtu hajanyoa ndevu vizuri. Hivyo ni viungo vya kuhisi. Mwaka 2012 watafiti Duncan Leitch na Kenneth Catania walionyesha kwamba vina wepesi zaidi wa kuhisi kuliko ncha za vidole vyetu. Tone likianguka majini gizani, aligeta anajua limeanguka wapi. Mamba anavyo karibu kwenye kila gamba la mwili, aligeta anavyo kichwani tu, kuzunguka taya.

Na kuna chumvi. Mamba ana tezi kwenye ulimi zinazotoa chumvi mwilini, ndiyo maana yule wa Asia na Australia huvuka bahari bila wasiwasi. Tezi za aligeta hazifanyi kazi hiyo. Yeye ni wa maji baridi ya vinamasi, mito na maziwa ya kusini-mashariki mwa Marekani, kuanzia North Carolina hadi Texas. Ncha ya kusini ya Florida ndiyo sehemu pekee duniani ambako mamba na aligeta huishi pamoja porini.

"Kwa hiyo aligeta hagusi bahari, na hali kitu ila nyama"

Hapo tena watu wamekwenda mbali mno. Kutokuwa na tezi za chumvi hakumzuii kwenda matembezi. Aligeta wa pwani ya Georgia na Florida huingia kwenye maji ya chumvi kuwinda, wakakaa saa kadhaa au hata siku kadhaa, kisha wakarudi kwenye maji baridi kunywa. Mwaka 2017 James Nifong na Russell Lowers walichapisha taarifa za aligeta waliokula papa wadogo na taa. Papa! Msimuliaji wa video hajaambiwa habari hii, angeifanyia sehemu tatu.

Kuhusu nyama: wapo waliopata mbegu na matunda tumboni mwa aligeta tangu zamani, ila ilidhaniwa vimeingia kwa bahati mbaya, ndani ya matumbo ya mawindo. Mwaka 2013 Steven Platt na wenzake walipitia kumbukumbu za aina 18 za jamii ya mamba wakakuta 13 kati yao hula matunda, na aligeta yumo. Chakula chake kikuu kinabaki kuwa samaki, kobe, ndege, konokono na wanyama wadogo. Lakini mla nyama mtupu siye.

"Ni kisukuku hai, hajabadilika tangu enzi za dinosaria"

Dai hili ndilo linalopendwa kuliko yote, na lina chembe ya ukweli, kwa hiyo lijibiwe kwa haki. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida walionyesha kwamba fuvu la aligeta aliyeishi miaka milioni 8 iliyopita halitofautiani sana na la aligeta wa leo. Hata vinasaba vyao hubadilika polepole sana vikilinganishwa na vya ndege au vyetu. Aligeta ni mnyama wa zamani kwa kweli.

Lakini miaka milioni 8 siyo miaka milioni 66. Kusema ukoo mzima wa mamba umelala usingizi tangu dinosaria watoweke, na kwamba kila mmoja wao tangu mwanzo alikuwa gogo linaloelea, ni kukosea historia nzima. Katika ukoo huo walikuwapo waliokimbia nchi kavu kwa miguu mirefu, na waliokuwa viumbe wa baharini, miguu imegeuka makasia. Madagascar aliishi Simosuchus, mwenye uso butu uliokatwa ghafla mbele, meno yake ni ya kutafunia majani. Na hapa kwetu, katika Bonde la Rukwa kusini-magharibi mwa Tanzania, kwenye miamba ya Galula, kulichimbuliwa mnyama ambaye ningependa kila mtoto wa shule Mbeya na Songwe amjue. Alitangazwa mwaka 2010 na kundi lililoongozwa na Patrick O'Connor, akaitwa Pakasuchus kapilimai. Ndiyo, ni paka yule yule wa jikoni, kwa sababu ya umbo na kimo chake, na jina la pili ni heshima kwa marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Pakasuchus aliishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita. Alikuwa na miguu myembamba, mwili mwepesi, na magamba mazito alibaki nayo mkiani tu. Cha kushangaza zaidi ni kinywa. Mamba wa leo ana meno yanayofanana, yote ya kushika na kung'ang'ania. Pakasuchus alikuwa na meno ya mbele ya kuchomea na meno ya nyuma yaliyokutana juu kwa chini yakakata chakula, mithili ya magego ya mnyama anyonyeshaye. Kiumbe huyo alitembea Rukwa akitafuna wadudu na wanyama wadogo, naye ni wa ukoo huu huu unaoambiwa haujawahi kubadilika.

Tena hata aligeta mwenyewe, ukimpasua, hukuti mashine ya kizamani. Moyo wake una vyumba vinne kama wetu, na juu ya hapo una mlango wa ziada unaomwezesha kuelekeza damu njia nyingine badala ya mapafuni, jambo ambalo moyo wangu na wako hauwezi. Mapafu ndiyo yaliyowashangaza wataalamu. Sisi hewa huingia na kutoka kwa njia ile ile. Ndege wao hewa huzunguka upande mmoja tu ndani ya mapafu, iwe wanavuta au wanatoa pumzi, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba huo ni ufundi wa ndege peke yao, unaohitajika kwa kuruka. Mwaka 2010 Colleen Farmer na Kent Sanders wa Chuo Kikuu cha Utah walipima mapafu ya aligeta wakakuta hewa inakwenda upande mmoja vilevile. Mnyama anayelala matopeni mchana kutwa anapumua kama njiwa. Ufundi huo basi ulikuwapo kabla ndege hawajawa ndege, kwa babu waliyechangia na mamba.

Hapo ndipo neno "dinosaria" linapoingia kimakosa kwenye video zetu. Aligeta hakutoka kwa dinosaria. Ni binamu zao. Wazao wa dinosaria waliobaki duniani ni ndege, na ukiacha jamii ya mamba yenyewe, ndugu wa karibu zaidi wa aligeta walio hai leo si mjusi wala kenge, ni ndege, akiwemo huyo kuku wako.

"Ana damu baridi, hana uchungu wa mwana, hula watoto wake mwenyewe"

Hapa nitakaa, kwa sababu dai hili linaonea.

Mwezi wa Juni hivi, jike la aligeta huchagua mahali palipoinuka kidogo kinamasini. Hukusanya matete, majani na matope kwa mdomo na miguu, akajenga kichuguu cha kimo kinachokaribia mita moja na upana wa mita mbili hivi. Mamba wa Nile huchimba shimo mchangani akategemea jua. Aligeta hutengeneza joto lake mwenyewe, maana majani yale yakioza hupata moto, na mayai 30 au 40 yaliyofukiwa katikati huatamiwa na kuoza huko. Kisha jike hukaa jirani kwa siku zipatazo 65. Kuna kobe wa Florida wenye tumbo jekundu ambao huja kwa ujasiri na kutaga mayai yao ndani ya kichuguu hicho hicho. Joto la bure, na mlinzi wa bure.

Joto hilo lina kazi nyingine. Mwaka 1982 Mark Ferguson na Ted Joanen walieleza, baada ya kazi yao Louisiana, kwamba kijusi cha aligeta hakina jinsia iliyoamuliwa tangu mimba kutungwa. Yai lililokaa katika nyuzi 30 za Selsiasi hutoa jike. Karibu na nyuzi 33 wengi hutoka madume. Utafiti wa baadaye ukaongeza kwamba ukipanda zaidi, ukikaribia nyuzi 35, majike wanarudi. Tofauti ya nyuzi tatu ndani ya rundo la majani yaliyooza ndiyo inayoamua nani atakuwa nani, kwa hiyo upande mmoja wa kichuguu unaweza kutoa dada watupu na katikati kukatoka kaka. Uamuzi unafanyika ndani ya wiki chache za katikati ya kuatamia. Baada ya hapo hata joto libadilike, imekwisha.

Sasa tufike kwenye hiyo "hula watoto wake". Watoto wakiwa tayari kutoka huanza kulia wakiwa bado ndani ya mayai, milio mifupi ya kukoroma. Mama husikia, akaja kufukua kichuguu. Anainamisha kichwa, anawachota watoto kinywani, na koo lake linaning'inia likiwa limejaa vichwa vidogo vyenye michirizi ya njano. Mtu akipiga picha wakati huo, ameondoka na ushahidi wake wa mauaji. Angesubiri kidogo angemwona mama akiingia majini, akafungua kinywa, akatikisa kichwa pole pole, na watoto wakaogelea nje. Yai lililochelewa kuanguliwa hulichukua akalibiringisha kati ya ulimi na kaakaa mpaka ganda lipasuke bila kumdhuru aliye ndani.

Na kumbuka ni taya zipi hizo. Gregory Erickson na wenzake walipima nguvu ya kung'ata ya aligeta mkubwa mwaka 2003 wakapata nyutoni 9,452, karibu sawa na kubebeshwa uzito wa tani moja kasoro kidogo kwenye ncha za meno. Misuli ya kufumba ni mikubwa kupindukia. Ya kufungua, ajabu, ni dhaifu kiasi kwamba wanaowakamata humfunga mdomo kwa duru chache za utepe wa gundi.

Watoto hubaki na mama mwaka mzima au zaidi, kikundi kimoja kando ya maji, wakipiga ukelele wakiona hatari naye akija. Hata hivyo wengi huliwa: na korongo, rakuni, samaki wakubwa, na, hapa dai lina mguu wa kusimamia, na aligeta wengine. Dume kubwa halibagui. Lakini huyo siye mama yao.

Nikiwa bado kwenye mambo ya familia: utafiti uliofanywa kwa miaka kumi katika hifadhi ya Rockefeller huko Louisiana, ukachapishwa mwaka 2009, ulilinganisha vinasaba vya mama na watoto na kukuta kwamba asilimia 70 ya majike waliofuatiliwa walirudi kwa dume yule yule msimu baada ya msimu, katika kinamasi kilichojaa madume. Sisemi ni mapenzi. Nasema gogo halichagui.

"Hana sauti"

Asemaye hivi hajafika Florida mwezi wa Aprili. Dume huinua kichwa na mkia juu ya maji, hujaza mapafu hewa, kisha huzama kidogo. Kabla hujasikia lolote, maji juu ya mgongo wake huanza kurukaruka matone matone, kwa sababu mtetemo anaotoa ni wa chini kuliko masikio yetu yanavyoweza kupokea. Ndipo ngurumo yenyewe inapokuja, na aligeta wengine wanaitikia ziwa zima. Mwaka 2015 Stephan Reber na wenzake walimweka jike la aligeta wa China kwenye kisanduku chenye hewa ya heli, ile inayomfanya mtu aongee kama katuni, na ngurumo yake ikabadilika kwa namna iliyoonyesha kwamba mlio wake hubeba taarifa kuhusu ukubwa wa mwili. Kazi hiyo ilipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 2020. Sayansi yake haikuwa ya mzaha.

"Hukua mpaka kufa, na huishi miaka mia mbili"

Hesabu ya kijiweni huenda hivi: hukua kila mwaka, huyu ni mkubwa sana, basi ana miaka mingi sana. Msingi wenyewe ni mbovu. Mwaka 2011 Holly Woodward na wenzake walikata mifupa ya aligeta wakakuta kwenye ukingo wa nje alama za mfupa uliokwisha kukua. Mwaka 2016 Philip Wilkinson na wenzake wakachapisha matokeo ya aligeta waliokuwa wakikamatwa, kupimwa na kuachiwa kwa miongo kadhaa katika hifadhi ya Tom Yawkey, South Carolina. Walifika kimo fulani wakasimama. Majike waliokwisha kuacha kukua waliendelea kutaga kama kawaida.

Umri nao una kumbukumbu. Muja alifikishwa bustani ya wanyama ya Belgrade mwaka 1937 akiwa tayari mkubwa, akaponea mabomu ya 1941 na ya 1944, na huhesabiwa kuwa aligeta mkongwe kuliko wote walio kizuizini. Saturn aliishi Berlin, akatoweka bustani ilipopigwa mabomu mwaka 1943, akapatikana na askari wa Uingereza mwaka 1946, akapelekwa Moscow, akafa huko Mei 2020 akiwa na miaka kama 84. (Watu walimzushia kwamba alikuwa mali ya Hitler. Alikuwa mali ya bustani.) Hao ni wazee waliopikiwa na kutibiwa. Porini, anayefika miaka 50 amejitahidi.

Kuhusu urefu, mzizi wa uvumi ni mtu mmoja. Edward McIlhenny wa Louisiana alidai kwamba mwaka 1890 alimpiga aligeta wa futi 19 na inchi 2, karibu mita 5.8, na kwamba alimpima kwa mtutu wa bunduki kwa sababu hawakuweza kumvuta nje ya matope. Hakuna ngozi iliyobaki, hakuna fuvu. Namba hiyo imenakiliwa vitabuni kwa zaidi ya karne moja. Aligeta mkubwa aliyepimwa kwa utepe mbele ya mashahidi ni yule wa Alabama mwaka 2014: mita 4.8, kilo 459. Huyo anatosha kabisa kutisha. Sioni haja ya kumwongezea mita nzima.

"Akikufukuza, kimbia kwa kupindapinda"

Usifanye hivyo. Utaongeza tu muda wa kuwa karibu naye. Aligeta nchi kavu ana pumzi ya mita chache, halafu hukata tamaa. Kimbia moja kwa moja, mbali na maji. Kawaida hatakufuata hata hatua moja, labda uwe umesogelea kichuguu cha mayai. Video za mamba anayeruka mbio kama farasi ni za mamba kweli: John Hutchinson na wenzake walipima mwendo wa aina mbalimbali mwaka 2019 wakakuta mamba wanaweza kupiga mbio hizo za kurukaruka, ila aligeta na kaimani huishia kutroti. Hatari ya aligeta iko ukingoni mwa maji, na inakuja kwa mruko mmoja. Atakayekuwa ameinama kunawa mikono hatapata nafasi ya kupindapinda.

"Ni mla watu"

Jimbo la Florida limeweka kumbukumbu tangu mwaka 1948. Lina aligeta wapatao milioni 1.3 na watu zaidi ya milioni 20 wanaoogelea, kuvua na kutembeza mbwa kando ya maji yale yale. Wanaong'atwa bila kumchokoza mnyama na kuhitaji daktari ni wastani wa wanane kwa mwaka, na waliokufa katika miaka yote hiyo hawafiki 40. Anayetoka ukingo wa Ruzizi, ambako watu bado wanasimulia habari za yule mamba mla watu aliyeitwa Gustave, anajua idadi hiyo ni ndogo kiasi gani kwa mnyama wa ukubwa huo. Mamba wa Nile humhesabu mtu kama windo. Aligeta, mara nyingi, anamwona mtu mzima aliyesimama kuwa ni mkubwa mno.

Isipokuwa amelishwa. Aligeta aliyezoea kurushiwa mikate na kuku hujifunza kwamba mtu akija, chakula kimekuja, na hiyo ndiyo sababu kumlisha kumepigwa marufuku kisheria Florida. Mtoto mdogo na mbwa hawako katika hesabu ya mtu mzima aliyesimama, na hapo tahadhari yoyote haizidi.

"Mifereji ya maji machafu ya New York imejaa aligeta"

Hii ina tarehe. Februari 1935 vijana wa East Harlem walikuwa wakisukuma theluji ndani ya shimo la mfereji, mtaa wa 123, wakaona kitu kinajitikisa huko chini. Walimvuta kwa kamba, alipowafunulia meno wakampiga kwa makoleo yao mpaka akafa. Gazeti la New York Times liliandika kwamba alikuwa na urefu wa karibu futi 8. Pengine alidondoka kutoka melini. Kutoka kwa aligeta mmoja aliyedhoofika kwa baridi watu wamejenga ufalme mzima chini ya ardhi, na weupe wakawapa kwa kukosa jua.

Aligeta hula vizuri joto likiwa nyuzi 28 kwenda juu. Chini ya nyuzi 20 hivi huacha kula, na likifika 13 analala tu. Baridi fupi anaivumilia kwa ustadi: Januari 2018 maji ya hifadhi moja ya North Carolina yaliganda, na aligeta wakaonekana wamesimamisha pua nje ya barafu, mwili mzima ukining'inia chini, wanapumua na kungoja. Lakini hiyo ni baridi ya siku chache. Majira ya baridi ya New York ni miezi. Mwaka 2023 mmoja aliokotwa kwenye ziwa la Prospect Park, Brooklyn, amekonda, tumboni ana kizibo cha sinki la kuogea. Inaelekea mtu alikuwa amemfuga nyumbani kisha akamtupa. Alikufa baada ya miezi miwili hivi.

"Wamebaki wachache, kila ngozi yake ni ujangili"

Kwa aligeta wa Marekani dai hili limechelewa zaidi ya miaka 30. Uwindaji wa ngozi ulikuwa umewapunguza kiasi kwamba Louisiana ilipiga marufuku mwaka 1962, na serikali kuu ikamweka kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1967. Mwaka 1972 Louisiana ikafungua tena uwindaji wa kupimiwa katika eneo la Cameron, na mwaka 1987 aligeta akatangazwa amepona. Leo wako milioni 5 hivi. Bado yumo kwenye uangalizi wa biashara ya kimataifa, hasa kwa kuwa ngozi yake hufanana na za jamaa zake walio hatarini na mfanyabiashara mjanja angezichanganya.

Kilichowaokoa hakikuwa marufuku peke yake. Sehemu kubwa ya vinamasi vya Louisiana ni mali ya watu binafsi, ambao wangeweza kuvikausha. Tangu miaka ya 1980 mwenye kinamasi huuza mayai yanayookotwa kwenye vichuguu vyake. Mfugaji huyaangua, huwakuza watoto mpaka wapite umri wa kuliwa na kila kitu, na sehemu yao hulazimika kurudishwa porini. Kinamasi chenye maji kikawa na bei. Wapo wasiopenda kusikia kwamba mnyama aliokolewa na mikoba na mikanda, nami sifurahii mikoba hiyo, lakini namba ziko wazi.

Dai hilo lingekuwa sahihi kama lingemtaja yule mwingine. Aligeta wa China, mfupi, wa mita moja na nusu hivi, anayechimba mashimo marefu na kulala humo majira yote ya baridi, alikuwa akiishi bonde zima la chini la mto Yangtze. Bonde hilo likageuzwa mashamba ya mpunga. Mashimo yake yalivujisha maji ya majaruba, bata wa watu wakaliwa, na mkulima hakuwa na senti ya kupata kwa kumvumilia. Sensa ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuta porini wamebaki chini ya 150, wengi kwenye vidimbwi vya Anhui vilivyozungukwa na mpunga. Kuwazalisha kumefanikiwa tangu kituo cha Xuancheng kianzishwe mwaka 1979, na tangu mwaka 2003 wamekuwa wakirudishwa porini kidogo kidogo. Vizimbani wamejaa maelfu. Kazi ngumu iliyobaki ni kupata kinamasi cha kuwaachia.